Picha Uliyoitupa kwa Gunia

Saru mwanangu,

Hii kalamu mteja aliisahau kwa kaunta na wino ni kidogo, ikiisha katikati nitamalizia na penseli ya seremala. Mimi na barua hatujuani sana. Darasa la sita mwalimu alisema mwandiko wangu ni kama kuku amekanyaga majivu, nikaona heri niache shule kuliko kuwaharibia kuku jina. Kwa hivyo soma polepole, na ukikwama, ruka.

Saa hizi uko Makwasinyi kumuaga mama mkubwa Righa. Kesho asubuhi unapanda treni ya Nairobi uanze kazi kwa yule mama wa picha za harusi. Mambo ya kufunga begi, kuficha simu na kutokula vitu vya barabarani sitaandika. Hayo umeambiwa na mtaa mzima, hata muuza mayai amekushauri, na yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Mtito. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia miaka kumi na nane kama mtu amekalia yai bovu ndani ya gari, anajifanya hajui harufu inatoka wapi.

Jumamosi ulikuwa unasafisha studio. Ulikaa sakafuni na yale maboksi ya negativu za zamani, unaziinua moja moja mbele ya dirisha. Nzuri kwa boksi, mbaya kwa gunia la kuchoma. Jicho lako ni kali, siwezi kukudharau, kuliko langu hata nilipokuwa kijana. "Hii imetikisika. Hii imetikisika. Hii sijui ni bwana harusi ama ni mbuzi." Mimi huko kwa kaunta nakata picha za pasipoti, nacheka. Halafu ukainua moja ukaishika kidogo.

"Baba, siku hii ulikuwa umelewa?"

"Kwani iko vipi?"

"Hakuna kitu hata kimoja kimetulia. Hata mti unakimbia."

"Hiyo tupa."

Na nikacheka. Tukacheka sisi wawili, ikaingia kwa gunia.

Saru, yule alikuwa mama yako.

Na yule wa ukutani, yule unamwambia "mama, naenda" kila asubuhi tangu uko darasa la pili, si yeye. Mdomo ni wake. Macho si yake.

Nimetoka nje nikatema mate, nimerudi.

Wacha nianze mwanzo. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, yule wa kutengeneza vyungu anakula chakula chake kwa kipande kilichovunjika. Mimi nimepiga picha Voi hii yote: harusi, maiti, watoto wa ubatizo, waliopotea na waliopatikana. Nimezunguka na baiskeli mpaka Wundanyi huko juu, nafika nikiwa nimelowa jasho mpaka watu wananionea huruma wanapiga picha mbili badala ya moja. Lakini mke wangu mwenyewe sikumpiga. Filamu ilikuwa ya wateja. Nikimwambia Mghoi nitampiga siku moja, ananijibu, "Siku hiyo unijulishe mapema, nizeeke vizuri." Alikuwa na picha ya kitambulisho, ndogo kama ukucha, uso wa mtu ameshikwa na askari, na hicho kitambulisho chenyewe, Mghoi alipofariki, tulikirudisha kwa chifu. Imebaki moja. Hiyo uliyoitupa.

Ilikuwa kwao Makwasinyi, asubuhi, jua limetoka vizuri. Tulikuwa tumeenda kumsaidia mama mkubwa kuvuna pojo. Ndovu walikuwa wameingia shambani usiku na wengine wakarudi porini, lakini mmoja alibaki katikati ya mahindi kama mtu anasubiri chai. Majirani wanapiga kelele kwa mbali. Mimi niko nyuma ya choo. Usicheke, choo kilikuwa cha mawe. Mama yako akachukua sufuria na mwiko, wewe umefungwa mgongoni na leso, miezi minane, akaenda anapiga ile sufuria huku anamtukana ndovu kwa Kidawida, lugha ya kwetu, matusi ya utani wa wakwe. Yule ndovu akageuka akaondoka polepole. Nafikiri aliona aibu.

Mghoi akarudi akikimbia, anacheka, macho yamefunga kabisa kwa kicheko, yamekuwa mistari miwili, sufuria iko juu. Na akapiga kelele, "Baba Saru, toka chooni, mgeni ameenda!"

Mimi nilikuwa na kamera shingoni. Nikapiga. Mkono ulikuwa unatetemeka kama wa mgonjwa wa malaria, nusu ni kicheko, nusu ni ule uoga ulikuwa bado haujashuka. Nilipoosha filamu nikaona kila kitu kimevutika. Nikasema hii ni takataka. Fundi mzima! Sikumuonyesha hata yeye. Nikaiweka kwa boksi.

Miezi kumi na sita baadaye aliugua siku chache, akaenda. Hiyo sehemu unaijua na sitaiandika.

Nitakuandikia ile sehemu huijui. Watu wakasema ile picha ya mbele ya jeneza itengenezwe na mumewe, si ni fundi. Nikakaa na ile negativu kwa kompyuta yangu kuukuu, nikaikuza mpaka uso ukajaa. Na Saru, badala ya kulia kama mwanaume amefiwa, unajua nilifikiria nini? Nilifikiria wateja. Nilifikiria Voi nzima itapita mbele ya hiyo picha na kusema fundi gani huyu, hata mke wake amemtoa na ukungu. Niliona aibu ya kazi kabla sijaona huzuni ya nyumba. Mpaka leo nikikumbuka nasikia kinyaa, kama nimekunywa maziwa yamelala.

Wiki hiyo mwalimu mmoja wa kutoka mbali alikuwa amepita hapa akapiga pasipoti kwangu, Mwalimu Wakesho. Uso mbele, mwanga mzuri, kope unaweza kuhesabu. Nikakata macho yake. Nikayabandika kwa Mghoi. Nikalainisha hapa, nikanoa pale. Kichwa chako wewe kilikuwa kinaonekana begani kwake, kidoa cheusi tu, nikakifuta kwa sababu kilikuwa kinachafua. Sufuria nikafuta. Nikaweka nyuma rangi ya bluu. Ikatoka picha kali kama kisu. Mwanamke anacheka huku anakuangalia kama anasahihisha daftari lako.

Nilijipongeza. Nilijipiga bega mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, nikasema, "Fundi!"

Siku ya mazishi tukaisimamisha pale mbele na maua ya plastiki. Watu walipita. "Picha safi." "Aki ni kama yuko hai." Halafu mama mkubwa Righa akaja. Unamjua, hana haraka. Alisimama pale mpaka foleni ikaziba nyuma yake. Akaniita kwa kidole.

"Shemeji. Huyu ni nani?"

"Ni Mghoi, dada."

"Mghoi yuko ndani ya sanduku. Nauliza huyu."

"Niliisafisha kidogo. Ilikuwa imetikisika."

Akaniangalia. Akasema, na hakushusha sauti, "Wazee wetu walikuwa wanaweka mafuvu ya watu wao pangoni. Fuvu halina macho, halina mdomo, na kila mtu alikuwa anajua la babake ni lipi. Wewe umepewa mtu na sura yake, umempoteza kabla hatujafukia."

Nikajibu nini? Nikafanya mzaha. Nikasema, "Dada, pangoni hakukuwa na stima." Watu wawili watatu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kaburi likiwa wazi pale. Huo mzaha ni wangu, siwezi kusema mtu aliniwekea mdomoni. Mama mkubwa aliondoka mbele yangu na tangu siku hiyo hajakunywa hata maji ya nyumba yangu. Wewe umekua ukiuliza kwa nini yeye akija anakaa nje kwa kiti cha plastiki, na mimi nakwambia anapenda upepo. Anapenda upepo! Voi hii, na hili vumbi jekundu.

Ngoja, kuna mbaya zaidi. Kabla ya kutoka makaburini wanaume wawili walinishika mkono, pole fundi, pole sana, halafu mmoja akasema, "Mzee wetu pia picha yake ni mbaya mbaya. Utatutengenezea kama hii ya mama Saru?" Nikasema ndiyo. Nikafanya hivyo miaka. Mtu analeta picha ya baba yake ina ukungu, namtoa na macho ya mtu mwingine, suti ya mtu mwingine, shingo ya mtu mwingine. Kuna mzee mmoja huko Salaita nilimzika na shingo ya kondakta. Nilikuwa nasimulia hii kama hadithi ya kuchekesha, na wewe ulikuwa unacheka, na nilikuwa nafurahi unavyocheka. Leo nikiiandika haichekeshi. Familia yake iko na hiyo picha sebuleni, na wajukuu wanaambiwa wana shingo ya babu.

Sasa sikiliza ya Mwalimu Wakesho mwenyewe. Alihamishiwa Voi wewe ukiwa darasa la pili. Akaja studio kufanya fotokopi. Wewe ulikuwa unaandika kazi ya shule pale chini ya meza. Ukatoka, ukamwangalia, ukashika sketi yake.

"Wewe una macho ya mama yangu."

Akacheka, akainama. "Mama yako yuko wapi?"

Ukamuonyesha ukutani, maana wakati huo ilikuwa imetundikwa studio. Mwalimu akanyanyuka akaiangalia. Kicheko kikamwisha kidogo kidogo kama maji ya mfereji yakikatwa. Akaniuliza, "Fundi, huyu marehemu tulifanana hivi?"

"Mwalimu, si unajua Wadawida. Sisi wote ni wa nyanya mmoja."

Alichukua karatasi zake. Hajawahi kurudi. Na wewe wiki nzima ulikuwa unaniuliza yule mama atakuja lini, na kila jioni unaenda kusimama kwa mlango. Ulisimama pale kwa mlango, Saru, unamsubiri mwalimu mgeni kwa sababu ya macho niliyoyabandika. Nilihamisha picha nikaileta nyumbani ili wateja wasiione. Nilidhani nimemaliza maneno. Kumbe nimekuletea karibu zaidi, ukawa unaisalimia kila asubuhi. Mara ngapi nimesimama mlangoni nasikia "mama, naenda" nikataka kusema, halafu nikasema, "Umebeba kitabu?"

Sasa unaenda kufanya kazi ya kusafisha nyuso za maharusi. Sijakukataza. Nitakukatazaje mimi, mwizi wa macho? Na sikwambii picha mbaya ni nzuri. Picha ya pasipoti ikiwa na ukungu itarudishwa na utaipiga tena bure. Kuna siku nilitikisika kwa sababu ya pombe kweli, ubatizo wa mtoto wa watu, hiyo haikuwa na siri yoyote ndani, ilikuwa ni pombe tu. Mtu akilipia uso wake, uonekane. Hiyo ni heshima.

Lakini nimeona kitu na wewe. Ukipiga picha, kitu cha kwanza unaikuza mpaka kwa kope. Kope zikiwa sawa unafurahi, zikiwa si sawa unafuta, na hujaangalia bado yule mtu alikuwa anafanya nini. Hiyo umeitoa kwangu. Hao watalii wanapita hapa kwenda mbugani na lenzi kama mzinga wa nyuki, walinionyesha ndovu mmoja, mpaka nywele za mkia zinahesabika. Nikauliza, alikuwa anaenda wapi? Hawajui. Alikuwa na nani? Hawajui. Ndovu safi kabisa, hajulikani na mtu.

Na hiyo programu ya simu yako, ile ya mwezi uliopita. Ulichukua picha ya nyanya wa jirani, imefifia, ukabonyeza, nyanya akatoka na kope na meno. Ukasema, "Baba, ona! Imerudisha!" Nikasema ni nzuri. Nilidanganya. Haikurudisha kitu, mwanangu. Ile picha haikuwa na kope, kwa hivyo zimetoka mahali. Mimi niliiba macho ya mtu ninayemjua, naweza kwenda kwake nikapiga magoti. Hiyo simu yako imeiba kwa nani? Utampigia magoti nani?

Nimemaliza kukaripia. Mimi si mtu wa kukaripia, unajua, hata wadaiwa wa picha nawaambia vichekesho.

Jumamosi ulipoenda kuoga nilimwaga lile gunia nyuma ya jikoni. Nilipiga magoti kwa mavumbi naangalia negativu moja moja kwenye jua, kuku wamenizunguka wanadhani ni mahindi. Nikaipata, imejikunja kona moja. Jana nikaichapisha. Sikunoa kitu. Kompyuta ilinisihi, ile mashine ina kitufe cha kunoa, kidole kikaenda chenyewe kwa tabia, nikakipiga kofi.

Iko ndani ya bahasha hii. Ukiiona mara ya kwanza utasema imeharibika. Weka mezani, rudi nyuma hatua mbili. Ile mistari miwili ni macho yake. Yalikuwa hivyo akicheka, yalikuwa yanapotea, hata ungekuwa na lenzi ya watalii usingeyapata. Kile cheupe juu ni sufuria. Kidoa cheusi begani kwake, kile nilikifuta, ni kichwa chako. Na mimi niko pia. Usinitafute pembeni. Ule mtikisiko wote, hata mti unaokimbia, ni mkono wangu. Ile ya ukutani niliyoifanya kali ilikuwa na mtu nusu. Hii mbaya tuko wote watatu. Hatukuwahi kupiga nyingine.

Asubuhi hii nimempigia simu mama mkubwa kabla hujafika kwake.

"Dada, leo namwambia."

"Unamwambia na mdomo?"

"Naandika."

"Kuandika ni kuogopa na kalamu."

"Najua. Lakini nitampa mkononi, na nitakaa hapo."

Akasema, "Nitakuja naye jioni. Weka chai. Lakini nitaangalia ukuta kwanza kabla sijavua viatu."

Nilikuwa nimepanga niiweke barua kwa begi lako uisome kwa treni. Huo ndio ungekuwa ujanja wangu wa kawaida, uko mbali, unalia na watu usiowajua, na mimi huku napiga watu pasipoti. Hapana. Utaisoma leo jioni, mimi nikiwa mbele yako. Ukitaka kunipigia kelele, niko. Ukitaka kwenda kulala na mama mkubwa kwa jirani, nitakubebea godoro. Ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga, nitakuja stesheni hata hivyo, nitasimama upande ule wa wauza njugu.

Ya ukutani nimeitoa saa hii. Imeacha mraba mweupe, ukuta mwingine wote umeiva na moshi na vumbi, pale peke yake ni pasafi, panatisha. Msumari nimeuacha. Sijaweka hii mpya, si kazi yangu tena kukuchagulia mama wa kusalimia. Utaangalia, na wewe na mama mkubwa mtaamua.

Gari la Makwasinyi limepiga honi huko juu barabarani. Maji yamechemka. Nimeweka vikombe vitatu na mkono unatetemeka, chai imemwagika kwa sahani.

Basi uniangalie hivyo hivyo.

Baba yako